Fundi Umeme Asome Kwanza, Ndipo Apande Juu ya Bati



Ni jambo lisilohitaji ushahidi kwamba paneli za sola zimekuwa sehemu ya mandhari ya miji na vijiji vyetu. Ziko juu ya maduka, zahanati, shule, minara ya simu, na aghalabu siku hizi ziko juu ya misikiti yetu. Lakini jambo ambalo halijatazamwa kwa makini ni swali jepesi sana: ni nani aliyezifunga, alijifunza wapi, na je, alikijua alichokuwa akikifanya? Tumeona katika toleo hili tulijadili suala hilo, kwa kuwa linagusa mambo mawili yenye uzito: riziki ya vijana wetu waliosomea ufundi umeme, na amana ya mali za watu pamoja na mali za wakfu.

Tuanze na hali ilivyo. Seli ya silikoni yenye uwezo wa maana wa kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme ilioneshwa na watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilibaki kuwa kitu cha satelaiti na cha wenye nacho. Mwaka 2008 paneli bado ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 3 kwa kila wati moja kutoka kiwandani. Kufikia mwaka 2024 bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya senti 20 za dola. Mporomoko huo ndio uliofanya kitu kilichokuwa cha tajiri kikafika kwa muuza duka na kwa kamati ya msikiti wa kijijini. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, limehesabu kwamba mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 7 duniani walikuwa wakiishi kwa kazi za umeme wa jua, na zaidi ya nusu yao walikuwa China, ambako ndiko paneli nyingi hutengenezwa.

Idadi hiyo isitudanganye tukadhani kazi zote zimekwisha chukuliwa na wengine. Kiwanda kiko China, lakini paa liko Tandika, Chake Chake, Ujiji na Likoni. Paneli huja kwa meli, ila haiji na mtu wa kuifunga. Atakayepanda juu ya bati, akapima, akavuta waya, akarudi tena baada ya miaka mitatu kubadilisha betri, hana budi kuwa mtu wa hapa hapa. Hii ndiyo fursa tunayoizungumzia, na hatuoni sababu ya vijana wetu kuikosa.

Wala haja ya umeme wa namna hii si ya kubuniwa. Watu wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, pale kisiwa kilipokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja baada ya njia ya umeme utokao Bara kuharibika, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili. Bara nako mgao wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011 ulifunga viwanda na saluni, ukaozesha samaki kwenye majokofu. Hali imebadilika sana tangu waya mpya ulazwe chini ya bahari kwenda Unguja mwaka 2013, na tangu bwawa la Julius Nyerere la Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lianze kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo, vipo visiwa, mashamba na vitongoji ambavyo nguzo haijavifikia, na wapo wafanyabiashara wasiotaka kuutegemea waya mmoja peke yake.

Basi nani anayestahiki kuishika kazi hii? Jibu la haraka ni kwamba fundi umeme ndiye mwenye haki nayo. Sisi tunakubaliana na jibu hilo, ila kwa sharti. Fundi aliyekwishapitia kazi ya kufunga umeme wa majumbani ana mtaji ambao mwingine hana: anajua kusoma mchoro, kupima kwa mita, kuchagua breka, kuchimbia waya wa erthi, na kuuheshimu umeme. Kijana asiyejua lolote atahitaji muda mrefu kuyapata hayo. Lakini mtaji huo huo hugeuka kuwa mtego pale fundi anapodhani kwamba sola ni umeme uleule aliouzoea, umehamishwa tu kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye paa. La hasha. Yako mambo yasiyopungua manne ambayo kozi ya umeme wa majumbani haikumfundisha kwa ukamilifu, na asipoyajua atamdhuru mteja, au atajidhuru nafsi yake.

La kwanza ni tabia ya umeme wenyewe. Umeme wa TANESCO ni wa AC. Hubadili mwelekeo, na kwa hiyo hupita kwenye sifuri mara 100 katika kila sekunde. Cheche ikitokea pale breka inapofunguka, hupata nafasi ya kuzimika. Umeme utokao kwenye paneli ni wa DC. Huenda upande mmoja bila kupita kwenye sifuri, na cheche yake ikishawaka huweza kuendelea kuwaka mpaka ikayeyusha plastiki na kushika mbao za kenchi. Kwa sababu hiyo breka ya AC haifai kukata umeme wa DC wa paneli, hata kama namba ya ampea iliyoandikwa juu yake ni ileile. Zaidi ya hayo, paneli haina swichi ya kuzimia. Muda wote jua linapoiangaza inazalisha. Paneli kumi za kisasa zikiungwa kwa mfululizo zinaweza kubeba volti 400 na zaidi, na fundi aliyezoea kuzima swichi kuu ndipo afanye kazi anazikuta zi hai mkononi mwake saa sita mchana.

La pili ni unene wa waya. Chukua mzigo wa wati 240. Kwa volti 230 unahitaji takriban ampea 1 tu. Kwa betri ya volti 12 mzigo huohuo unahitaji ampea 20. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ule wa taa za nyumbani, ukauvuta mita 10 kwenda na 10 kurudi, karibu volti 5 hupotea njiani kati ya volti 12 ulizonazo, na waya unapata moto. Fundi hakukosea kuunga. Ameunga vizuri kabisa, ila kwa waya usiofaa. Mteja huona taa zimefifia, akailaumu paneli, akamlaumu muuzaji, kisha akaapa kwamba sola ni utapeli.

La tatu ni hesabu ya kabla ya kununua. Tuchukue mfano wa msikiti wa mtaa. Taa 20 za wati 9 zikiwaka saa 4 kwa siku ni wati-saa 720. Feni 8 za wati 60 kwa saa 4 ni wati-saa 1,920. Kipaza sauti cha wati 150 kwa saa moja na nusu ni wati-saa 225. Jumla ni wati-saa 2,865. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kwenye waya, betri, inveta na joto, tugawe kwa 0.75, tunapata kama 3,820. Pwani yetu tukadirie jua lenye nguvu kamili la saa 4 na nusu kwa siku. Basi zinahitajika paneli zenye jumla ya wati 850 hivi. Ikiwa wati-saa 2,000 kati ya hizo zinatumika jua likishazama na kabla halijachomoza, betri za asidi zisizopaswa kushushwa chini ya nusu zinatakiwa ziwe na uwezo wa wati-saa 4,000. Betri ya lithiamu, inayovumilia kushushwa zaidi, 2,500 zingeitosha. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawa tu, na mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Pamoja na hayo, ni mara ngapi kamati zetu zimeletewa karatasi yenye hesabu kama hii kabla ya kutoa fedha? Aghalabu huletewa bei tu.

La nne ni mahali. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25, ilhali juu ya bati la Dar es Salaam hufika 60, na kwa joto hilo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Kwenye baridi ya Njombe alfajiri mambo hugeuka: volti hupanda kuliko ilivyoandikwa, na inveta iliyochaguliwa bila nafasi ya ziada huungua. Kivuli cha mnazi mmoja kikilala juu ya kona ya paneli chaweza kudhoofisha safu nzima. Hewa ya chumvi hula viungo visivyozibwa. Sisi tulio kusini ya ikweta tunatakiwa kuelekeza paneli kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iweze kuziosha. Na kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar upande huo takriban ndio huohuo wa kibla, kwa hiyo hatuoni udhuru wa fundi wa msikiti kuukosa.

Tunautaja mfano mmoja tunaoujua, bila ya kutaja msikiti wala mtu. Waumini walichangishana kwa miezi mingi ili pampu ya kisima cha udhu iendeshwe kwa jua. Wakamwita fundi mwenye sifa njema, ambaye nyumba nyingi za mtaa ule zimepita mikononi mwake. Akafunga inveta ya wati 1,000 kuendesha pampu ya wati 750, akiona kwamba 1,000 ni zaidi ya 750, na kwa hesabu ya taa angekuwa sahihi. Lakini mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshazunguka. Inveta ikawa inajizima, na mwisho ikaungua. Akaweka betri mbili za gari, ilhali betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, haikutengenezwa kushushwa na kujazwa kila siku. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimekufa. Leo paneli ziko juu, nzima kabisa, na maji yanatekwa kwa ndoo. Fundi yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwaminifu aliyefanya kazi asiyoijua, na hasara ikawa ni ileile ambayo mwizi angeisababisha.

Wanazuoni wetu wa fiqhi hawakuliacha jambo hili. Wamelijadili kwa urefu katika mlango wa dhamana ya mafundi, yaani ni wakati gani fundi aliyekabidhiwa mali ya mtu hulazimika kulipa kilichoharibika mkononi mwake. Hatuna nia ya kuingia katika tafsili za madhehebu hapa. Tunataka kukumbusha tu kwamba ustadi umehesabiwa tangu zamani kuwa ni sehemu ya uaminifu, na kwamba nia njema haimwondolei fundi wajibu wa kujua.

Sasa tuje kwenye njia ya kujifunza. Upande wa Tanzania Bara, vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ndivyo mlango mkuu wa ufundi umeme, na huko ndiko fundi aanze kuuliza kuhusu kozi fupi za sola. Kwa fundi wa mtaani aliyejifunza kwa kumfuata bingwa wake na hana cheti, VETA ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kwa vitendo, huelekezwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti kinachotambulika. Vijana wengi hawaujui mpango huu, na wengine wanauonea haya, wakidhani kurudi kupimwa ni kujidhalilisha. Baada ya cheti iko leseni. EWURA ndiyo hutoa leseni za ufungaji umeme, kwa madaraja yanayofuata elimu na uzoefu wa mtu. Asiye na leseni watu humwita kishoka, na kishoka hata akiwa hodari hawezi kuingia kwenye zabuni ya hospitali wala ya shule.

Majirani zetu wa Kenya walilipanga jambo hili mapema. Kanuni zao za umeme wa jua za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja matatu: T1 kwa mfumo mdogo usiozidi wati 100, T2 kwa mfumo wa kati usiozidi wati 300, na T3 kwa mifumo mikubwa ikiwamo ile inayoungana na gridi. Fundi husomea daraja lake, hufanya mtihani, kisha huomba leseni kwa mamlaka ya nishati, ambayo tangu sheria ya mwaka 2019 inaitwa EPRA. Tunaona busara ndani ya mpango huo, kwa kuwa humwambia kijana kwa uwazi aanzie wapi na aelekee wapi. Na mwaka 2024 Kenya ikatoa kanuni zinazomruhusu mteja kuingiza umeme wake wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa kwenye bili yake. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu wa kubahatisha, kwa sababu kosa la nyumba moja linaweza kumfikia fundi wa shirika aliye juu ya nguzo akidhani waya umezimwa.

Wala asiseme mtu kwamba elimu hii ni ya waliosoma sana. Huko Karagwe, mkoani Kagera, kituo cha KARADEA kilikuwa kikifundisha mafundi wa sola tangu miaka ya 1990, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumeiona paneli hata moja. Na Unguja, taasisi ya Barefoot College, iliyoasisiwa nchini India mwaka 1972, imewafundisha akina mama wa vijijini, wengine wakiwa na elimu ndogo sana ya darasani, wakarudi makwao wakifunga na kutengeneza mitambo midogo ya jua. Ikiwa mama huyo ameweza, fundi mwenye miaka kumi ya kazi ana udhuru gani?

Hata hivyo, si haki kumpa kijana picha ya nusu. Kazi za sola si zote za fundi, na si kila mahali zinapatikana. Vile vifaa vidogo vya taa tatu na simu, vinavyolipiwa kidogo kidogo kwa simu ya mkononi, vimeenea Kenya tangu mwaka 2012 na baadaye kwetu, lakini mwenye nyumba huvifunga mwenyewe. Ajira zake nyingi ni za mauzo na ukusanyaji wa malipo. Vivyo hivyo nyumba ya kawaida ya mjini iliyo na umeme wa gridi na bili ndogo haina sababu kubwa ya kutumia mamilioni juu ya paa. Anayeacha kazi yake ya sasa akitarajia kwamba kila nyumba ya mtaa wake itamwita, atakaa kivulini akisubiri.

Kazi ya fundi aliyesoma iko pengine. Iko kwenye pampu za visima na za umwagiliaji, ambako jua huchukua nafasi ya dizeli. Iko kwenye mahoteli, maduka ya barafu na mashine za kusaga zinazotaka umeme usiokatika. Iko kwenye zahanati zinazohifadhi chanjo kwa baridi. Iko kwenye minara ya simu, na kwenye mitambo midogo ya vijiji kama ule wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ulioanza kazi mwaka 2016. Na zaidi ya yote iko kwenye matengenezo. Paneli njema hudumu miaka 25 na zaidi, inveta huenda ikafika miaka 10, na betri za asidi hudumu miaka 3 hadi 5. Maana yake ni kwamba kila mfumo uliofungwa leo utamhitaji fundi mara nyingi kabla paneli zake hazijazeeka. Fundi mwenye daftari la wateja wake, anayejua betri ya nani ilifungwa mwezi gani, akampigia simu kabla haijafa, huyo ana riziki isiyotegemea bahati ya siku.

Katika matengenezo hayo kuna jambo moja la hatari. Betri kuukuu ya asidi ina risasi ndani yake, na risasi ni sumu, hususan kwa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri za namna hiyo, wakapata madhara makubwa ya miili, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fundi asimwage asidi ya betri uani, wala asiiuze kwa anayeivunja kwa nyundo kando ya watoto wanaocheza. Arudishe kwa muuzaji au apeleke kwa wanunuzi wenye kibali. Elimu ya kufunga isiyo na elimu ya kufungua na kutupa ni elimu ya upande mmoja.

Baada ya kusema na mafundi, tuna neno kwa jamii, maana lawama zote zisiwe juu ya fundi. Sisi wenyewe tumekuwa tukimpa kazi mwenye bei ndogo kuliko wote, kisha tunashangaa. Kamati ya msikiti inashika mali ya wakfu. Fedha iliyomo sandukuni ni ya mjane aliyetoa shilingi mia tano, na ya marehemu ambaye wanawe wametoa kwa ajili yake. Tunashauri kila kamati, kabla ya kulipa, itake mambo matano: cheti na leseni ya fundi, hesabu ya mahitaji kwa maandishi, majina na ukubwa wa vifaa vitakavyofungwa, si kutajiwa jumla tu, dhamana ya kazi kwa muda unaojulikana, na mafunzo kwa mhudumu wa msikiti juu ya kusafisha paneli na kuangalia betri. Fundi wa kweli hatachukia kuulizwa haya. Atafurahi, kwa kuwa maswali hayo ndiyo yanayomtenga na kishoka.

Lipo pingamizi ambalo tumelisikia, na lina haki ya kujibiwa. Mafundi husema: kozi ina ada, na siku ninayokaa darasani watoto hawali. Maneno hayo ni ya kweli, na si uungwana kumjibu mwenye njaa kwa mawaidha matupu. Jibu letu ni kwamba mzigo huu ubebwe na wengi. Misikiti mitatu au minne ya kata moja ikichanga, inaweza kumlipia fundi mmoja ada na posho ya siku za masomo, kwa mapatano ya maandishi kwamba akirudi atakagua mifumo ya misikiti hiyo kwa mwaka mmoja, na atamchukua kijana mmoja awe msaidizi wake. Kamati itakuwa imeokoa fedha ambayo ingepotea kwenye inveta moja iliyoungua, mtaa utakuwa umepata fundi, na kijana atakuwa amepata bingwa wa kumfuata. Wenye maduka ya vifaa nao wana fungu lao: anayeuza paneli huku akijua kwamba mnunuzi hana fundi, ampe jina la fundi aliyesoma kabla ya kumpa risiti.

Na sisi walimu wa madrasa tusijitoe. Watoto tunaowafundisha watakuwa wakubwa, na si wote watakuwa masheikh. Hesabu ile ya wati na saa inaweza kuandikwa kwenye ubao wa madrasa siku moja baada ya darasa, ikafanywa kwa taa na feni zilizo juu ya vichwa vyao. Mtoto akiona kwamba kuzidisha na kugawa kunampa jibu la kitu anachokiona, huenda mlango wa ufundi ukafunguka ndani ya moyo wake mapema kuliko tunavyodhani.

Kwa kuhitimisha, tunasema kwamba kazi ipo, vifaa vimeshuka bei, na mafundi tunao. Kinachokosekana ni ile hatua ya katikati, ya mtu aliyekwishaitwa fundi kukubali kuwa mwanafunzi tena kwa wiki chache, na ya jamii yake kumsaidia afanye hivyo. Tunawaomba wasomaji wetu walipeleke jambo hili kwenye vikao vya kamati zao mwezi huu, wakague mfumo ulio juu ya paa la msikiti wao, na waulize nani anayeujua. Wakikosa wa kumtaja, basi wamchague mtu, na wampeleke akasome.

Wabillahi tawfiq.